Nyonga Yangu na Maziwa ya Mama Mkwe

Jumapili, 10 Novemba

Mvua imeanza tangu alfajiri na bati linapiga kelele kiasi kwamba mama mkwe akiongea simsikii, kwa hiyo leo ni siku njema. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maandalio ya masomo ya darasa langu la nne. Sasa nitaandika mambo ya humu ndani, maana nisipoyaandika nitayasema, na nikiyasema hapatakalika.

Nipo Ibadakuli, kijijini kwa wakwe, tangu nijifungue. Nyumba yetu ya kupanga iko mjini, Ngokolo, ina umeme na mlango unaofungwa kwa ndani, lakini mume wangu Maganga alisema mke wake hawezi kujifungua akakaa peke yake kama hana watu. Alipomaliza kusema hayo akarudi Geita kwenye duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, akaniachia watu. Watu wenyewe ni mmoja: mama yake, Suzana, mwenye ng'ombe, mwenye majaruba ya mpunga, mwenye sauti.

Kila asubuhi ananiletea maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati, yakiwa bado na joto la ng'ombe na povu juu. Anasimama mlangoni mpaka nimalize. Kwetu Tarime nasi tunafuga, lakini mama yangu alikuwa anachemsha. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama mtu aliyeambiwa tunakula nyasi.

"Ukichemsha unakunywa maji meupe," alisema. "Nguvu yote imekwenda na mvuke. Mzazi anakunywa maziwa yaliyo hai. Kunywa."

Nikanywa. Ni matamu, hilo siwezi kumnyima.

Jumatano, 13 Novemba

Ng'ombe mwekundu ametupa mimba. Mama mkwe alimvuta ndama mfu kwa mikono yake mwenyewe, akarudi na damu mpaka viwikoni, akajipangusa kwa majani na kuniuliza kwa nini ugali haujaiva.

Ijumaa, 15 Novemba

Amesema mwanangu Justa ana masikio ya Kikurya. 

Jumanne, 26 Novemba

Kuna kitu kimeingia kwenye tako langu la kushoto, juu, karibu na kiuno. Nikigeuka kitandani kumnyonyesha Justa nashika ukuta. Nikiinuka nainuka kwa awamu. Jioni mwili unapata baridi, halafu jasho linatoka hadi shuka linalowa. Nimemwambia mama mkwe.

"Ni uzazi," amesema. "Mimi nimezaa tisa. Siku ya nne nilikuwa shambani."

Huyu mama siku ya nne alikuwa shambani, siku ya tano pengine alikuwa amejenga kanisa. Ameniongezea maziwa ya jioni.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda zahanati. Daktari alinipima malaria, akapima mkojo, akanigonga gotini na kusema ni mambo ya uzazi, nipumzike. Hakunigusa nyonga wala kunilaza. Alinitibu huku ameshika kalamu.

Nilipofika nyumbani mama mkwe aliuliza, "Wameona nini?" Nikasema hawajaona kitu. Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu nifike, na lilikuwa la ushindi.

Jumatatu, 9 Desemba

Maji yamejaa kwenye majaruba na mpunga unapandikizwa. Nimejaribu. Kupandikiza ni kuinama tangu asubuhi na kuchomeka mche mmoja mmoja kwenye tope. Nimeinama, nimepanda nusu ya mstari, nikashindwa kuinuka. Si kwamba niliumia kidogo. Nilibaki nimeinama kama meza, mikono ndani ya maji, nikilia. Jirani yetu Bhoke, Mkurya mwenzangu aliyeolewa hapa hapa, ndiye aliyenishika kwapani akanitoa.

Mama mkwe aliendelea kupanda. Hakugeuza hata shingo. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanja wa ndege, "Mwalimu amezoea kiti."

Namchukia. Naandika hapa kwa herufi nzuri kama ninavyowafundisha watoto. Namchukia huyu mama.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. Nachechemea. Ameanza kuniigiza mbele ya wageni.

Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe haendi sawasawa. Akitoka zizini anashika mwimo wa mlango, anasimama kidogo, ndipo anaingia. Jioni anajifunika blanketi na kusema ni malaria yake ya mvua. Lakini hayo ni magonjwa ya heshima. Yangu ndiyo uvivu.

Jumatatu, 16 Desemba

Leo nimesikia. Nilikuwa ndani namvisha Justa, yeye yuko uani na simu. Anaongea na Maganga kwa Kisukuma, lakini nimekaa na hawa watu miaka minne na Kisukuma cha kunisema nakielewa vizuri kuliko cha kunisalimu.

Amesema najilegeza. Amesema mtoto ananyonya kwa mwanamke anayeshinda amelala. Amesema kabla ya kurudi Geita baada ya Krismasi, Maganga anirudishe kwetu Tarime, nikafunzwe upya, na mtoto abaki hapa. Mtoto abaki. Nimesikia hilo nikamkumbatia Justa kabla sijamaliza kumvisha.

Nilimpigia Maganga baadaye. Nilisema, "Baba Justa, mimi naumwa." Nikasikia kelele za karasha zinazosaga mawe nyuma yake.

"Mama anasema hospitali hawakuona kitu," alisema.

"Zahanati hawakunigusa!"

"Vumilia nije. Tutaongea."

Vumilia. Mwanaume akikosa la kusema ana neno hilo mfukoni.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua, jasho, kikombe cha bati. Nimenywa huku nikimtazama machoni. Hata yeye hakupepesa.

Jumanne, 24 Desemba

Maganga amefika, amekonda, ana vumbi la mawe kwenye kope. Alimbeba Justa muda mrefu. Nimemwona anataka kuniamini na anaogopa. Simwonei huruma. Mwanaume anayeshuka chini ya ardhi kwa kamba na anamwogopa mama yake ana mambo yake ya kutatua.

Alhamisi, 26 Desemba

Kikao kimefanyika baada ya chakula, sisi watatu. Mama mkwe alieleza kosa langu kama wakili. Hakunitukana hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu nilivyo: nalala, nachechemea watu wakiwepo, nimeshindwa jaruba, nimepimwa nikaonekana mzima.

Maganga akanigeukia. Nikasema, "Sitaki kujitetea. Nataka nipimwe kiungo chenyewe. Si damu, si mkojo. Mtu anishike huu mguu aseme una nini. Akisema sina kitu, naenda Tarime kwa miguu yangu."

"Na mtoto?" akauliza mama mkwe.

Nikamjibu: "Akisema sina kitu, tutaongea habari za mtoto."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hasira hunifanya niweke rehani vitu visivyowekwa rehani.

"Basi kesho," alisema mama mkwe. "Na mimi nitakuwepo."

Ijumaa, 27 Desemba

Nitaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Hospitalini mjini tulielekezwa kitengo cha fiziotherapia, wanakotibu viungo. Nilitegemea mwanamke. Akatoka mwanaume wa makamo, mfupi, mwenye vidole vinene, akajitambulisha kuwa anaitwa Pantaleo. Maganga alibaki nje na Justa. Mama mkwe alipoelewa kwamba huyu baba ndiye atakayeshika mapaja ya mkamwana wake, aliingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye stuli karibu na kitanda na kufungua kitenge alichokuja nacho kwenye mkoba. Alinifunika kuanzia kiunoni hadi magotini na kushika pindo.

"Pima," alimwambia. "Lakini kitenge hakifunuki."

"Sihitaji kukifunua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mpime kama anadanganya."

Pantaleo hakushtuka. Inaelekea kila siku anapelekewa watu wa kupimwa uongo. Alinisimamisha kwanza kwa mguu mmoja, halafu mwingine, akitazama kiuno kama kinaanguka upande. Akanilaza chali. Akashika mguu wa kushoto ulionyooka na kuuviringisha taratibu, ndani, nje, kama mtu anayeviringisha gogo.

"Inauma?"

"Hapana."

Mama mkwe akasema, "Mmh."

Aliunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Nikasema haiumi, hakuna maumivu yanayoshuka mpaka mguuni. Alilikunja goti likaja kifuani, akalisukuma kuelekea upande wa pili na kuuzungusha mguu. Aliuliza kama nasikia kitu mbele, kwenye kinena. Nikasema hapana, labda kukaza tu.

"Mmh," mama mkwe akasema tena, na kile kitenge alikivuta kidogo kama mtu anayetaka kukikunja twende nyumbani.

Hapo nilianza kuogopa. Nililala pale nikaona kila ninachojibu kwa ukweli kinanipeleka Tarime. Wazo likanijia: kinachofuata nitapiga kelele, kiniume kisiniume. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Haikuhitajika. Aliuchukua mguu wa kushoto, akaweka kisigino juu ya goti la kulia hadi miguu ikafanya umbo la namba nne, akakandamiza goti kuelekea kitandani na mkono mwingine akazuia nyonga ya kulia. Nililia sauti ambayo sikuipanga.

"Wapi?" aliuliza haraka. "Mbele au nyuma? Nionyeshe kwa kidole kimoja. Si kiganja. Kidole."

Nikapitisha mkono nyuma, nikaweka kidole pale pale, kwenye kishimo kilicho juu ya tako.

Alinikunjia goti lielekee dari na kusukuma paja lote chini, polepole kisha kwa nguvu, kama mtu anayesindilia nguzo. Kidole changu kilikwenda pale pale. Alinilaza ubavu, akaegemea mfupa wa nyonga kwa mikono miwili. Pale pale. Mwisho akanisogeza ukingoni mwa kitanda, goti moja nimelikumbatia kifuani, mguu wa kushoto akauachia uning'inie nje na kuukandamiza. Hapo nilimtukana. Nilimtukana kwa Kikurya, matusi ya zizini kwa baba yangu, na ninashukuru hakuna aliyeyaelewa.

Mama mkwe alikuwa ameachia pindo la kitenge.

"Mama," Pantaleo alimwambia, "kipimo kimoja hakinitoshi. Kimoja kinaweza kudanganya, na mgonjwa naye anaweza kudanganya. Lakini nyonga yake nimeizungusha akasema ukweli kwamba haiumi. Mwongo angelia tangu mwanzo. Vitatu vikilia mahali pamoja mimi naamini, na kwake vimelia vinne. Nyonga ni nzima. Ugonjwa uko nyuma, pale mfupa wa kiuno unapoungana na uti wa mgongo. Kiungo hicho kina moto."

"Uzazi," alisema mama mkwe. Sauti ilikuwa ndogo.

"Uzazi unaweza kukilegeza. Lakini uzazi peke yake hauleti homa." Akanigeukia. "Una homa?"

Nikamwambia habari za baridi na jasho. Akauliza nyumbani tunafuga nini. Akauliza kama kuna mnyama aliyetupa mimba. Akauliza maziwa tunakunywaje.

 Nilimtazama mama mkwe na yeye akatazama dirisha. Ilikuwa zamu yangu ya kusema "mmh", lakini sikusema.

Jumanne, 31 Desemba

Daktari wa hospitali amesoma majibu ya damu na picha ya kiuno. Ni ugonjwa wa kutupa mimba, ule ule wa ng'ombe; unaingia kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika uchafu wa ndama aliyetupwa. Nimepewa dawa za wiki nyingi, zilizochaguliwa kwa sababu nanyonyesha. Justa amepimwa, ni mzima. Ng'ombe mwekundu atapimwa na bwana mifugo. Daktari amesema watu wote wa nyumba ile waje wapimwe.

"Mimi siumwi," alisema mama mkwe.

Habari za Tarime hazijatajwa tena. Hakuna aliyesema samahani. Maganga amenunua sufuria kubwa, hiyo ndiyo samahani yake.

Ijumaa, 3 Januari

Maganga amerudi Geita, kwenye chumba chake cha Kalangalala. Kabla hajaondoka alinisogelea jikoni.

"Usimchukie mama," alisema. "Wewe hujui. Tangu umejifungua hakuuza hata lita moja. Wateja wake wote aliwafukuza. Mkamuo wote mzuri ulikuwa wako."

Nilimwambia ahsante kwa taarifa. Baada ya hapo nilikaa na jambo hilo na likanikera siku nzima. Ni afadhali angekuwa ananiwekea sumu kwa makusudi. Mtu wa namna hiyo unajua pa kumweka.

Jumanne, 7 Januari

Nachemsha maziwa. Yeye anakunywa yake mabichi, amesimama mbele yangu. 

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Mwalimu mkuu ameniongezea ruhusa ya ugonjwa. Nimekaa kizingitini nikawaona watoto wakipita na sare zao, nikalia kidogo, halafu nikapepeta mchele.

Mama mkwe amewaambia majirani kwamba nimemtangaza hospitalini kuwa maziwa yake yana wadudu. Bhoke ameniletea habari hizo zikiwa za moto. Nilikwenda zizini kumkabili. Nilimkuta amekaa chini karibu na ndoo, mguu mmoja ameunyoosha.

"Sikutangaza," nilisema. "Uliulizwa na wewe ukatazama dirisha."

"Ondoka zizini kwangu," alisema. Hakuinuka. Nilidhani ni dharau.

Jumatano, 22 Januari

Jasho limekwisha. Nimegeuka kitandani bila kushika ukuta.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua imepotea wiki nzima na majaruba yanapasuka. Kila mtu ana hasira, hata kuku. Mama mkwe hakwenda kanisani Jumapili iliyopita, na hata sokoni leo hakwenda. Amempigia Maganga aje. Maganga akanipigia mimi.

"Mama anadeka," alisema. "Anaona umepona, sasa na yeye anataka atazamwe. Ni uzee tu. Mwambie avumilie."

Nilikata simu bila kuaga. Sijui nilimkasirikia kwa niaba ya nani.

Jumamosi, 15 Februari

Leo asubuhi, maziwa ya jana yakiwa jikoni kwenye moto mdogo, ng'ombe walikuwa wanalia na hakuna aliyewakamua. Nilimkuta mama mkwe mlangoni mwa zizi, ameshika nguzo kwa mikono miwili, amenasa. Hawezi kwenda mbele wala nyuma. Blanketi lake lilikuwa limelowa jasho.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Pita, una njia yako."

"Nenda ukalale chali mkekani."

"Nani anasema?"

"Mimi. Nimelazwa vya kutosha, najua."

Nilimshika kwapani kama Bhoke alivyonishika mimi, na tulikwenda hadi ndani tukigombana njia nzima. Alilala. Nikachukua kitenge, kile kile cha hospitali, nikamfunika kiunoni hadi magotini. Aliona, akafumba macho.

Niliuviringisha mguu wake wa kulia kama gogo. Ulizunguka bila taabu. Nikauweka mfano wa namba nne, nikakandamiza goti. Aliuma pindo la kitenge.

"Inauma?"

"Haiumi."

Nililikunja goti, nikasukuma paja chini. Machozi yalitoka kwenye pembe za macho yake yakaingia masikioni. Nikamlaza ubavu na kuegemea mfupa.

"Wapi? Mbele au nyuma? Nionyeshe kwa kidole kimoja, Mama."

Alichelewa sana. Halafu mkono wake ulizunguka nyuma, mkono ule uliomvuta ndama, na kidole kikagusa kishimo cha juu ya tako. Pale pale pangu, upande wa pili.

Tangu Desemba nimekuwa na sentensi nimeitunza. Nimelala nayo, nimeirekebisha, nimeinoa. Ilikuwa inaanza na siku ya nne shambani na kumalizikia kwenye jaruba. Yeye mwenyewe aliijua ipo, maana alifungua macho na kusema, "Sema sasa. Ulikuwa unaingoja siku hii."

"Umezaa tisa," nilisema. "Siku ya nne ulikuwa shambani." Maneno yaliyobaki yakakwama.

"Nilidanganya," alisema. "Sikwenda kwa hiari, nilitolewa kitandani kwa nguvu. Mama mkwe wangu alinitoa." Akageukia ukuta. "Ukimpigia Maganga, usimwache aseme najilegeza."

Nilitoka uani. Simu iliita muda mrefu, kisha nikasikia karasha zinasaga, na mume wangu akauliza kama mama bado anadeka.

"Nimempima mwenyewe," nilimwambia. "Vipimo vitatu vimelia. Njoo umpeleke mama yako hospitali, na ukilitamka lile neno la kuvumilia nitakutukana kwa Kikurya."

Kutoka ndani mama mkwe alipaza sauti kwamba, kama naongea hivyo na mwanawe, nisiache maziwa ya jana yafurike jikoni, na kwamba hata hivyo yakichemka hayana ladha. Nikaenda kuyatazama.